Cheti Hakishiki Usukani

(Hotuba hii ilisomwa na karani wa chama kimoja cha ushirika nchini Tanzania mbele ya wazee na vijana wa kata yake, siku ya kufunga msimu wa kununua pamba. Tunaipiga chapa kama alivyoisoma.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kujifunza kuendesha motokaa na kupata leseni ya udereva. Aliyeniomba ni Bwana Mwenyekiti mwenyewe, naye alinipa sababu moja tu, ya kwamba katika chama chetu mimi ndiye niliyejifunza kazi hiyo hali ni mtu mzima, mwenye miaka 34 na watoto watatu. Wengine walijifunza ujanani, nao wamekwisha kusahau jinsi walivyojifunza. Ama mimi nakumbuka kila kitu, hata aibu zake. Basi sitawaficha neno, kwa kuwa aibu ya mtu mmoja ikisemwa wazi yaweza kuwaokoa wengi.

Nyote mnaijua motokaa ya chama, ile ndogo ya mizigo. Wakati ule dereva wake alikuwa mtu mmoja tu, na desturi yetu ilikuwa kwamba jioni akirudi hunikabidhi ufunguo, nami huuweka pamoja na funguo za ghala. Usiku mmoja wa masika, dereva akiwa amekwenda kwao kuzika, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa jirani yangu. Mkewe alishikwa na uchungu tangu adhuhuri, na mkunga alikuwa amesema apelekwe hospitali upesi. Jirani akaniambia, "Karani, ndugu yangu, ufunguo si unao wewe?" Nikajibu, "Ninao." Akasema, "Basi twende." Nikanyamaza, maana ufunguo nilikuwa nao, lakini sikujua hata mahali pa kuutia.

Tulizunguka gizani kutafuta mtu wa kutusaidia, hata tukampata kijana mmoja mwenye pikipiki. Na wakati huo saa mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna aliyenilaumu, wala daktari hakusema kwamba saa mbili zile ndizo zilizomwua. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoushika ufunguo ule, niliuona mzito kupita chuma chake.

Basi nikaazimia kujifunza. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilijifunza vibaya.

Nilimwendea utingo wa motokaa yetu, kijana mwema, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na leseni ila alikuwa amemtazama dereva kwa muda mrefu. Akanifundisha jioni nne katika kiwanja cha mpira. Nilijua kuwasha mtambo, nikajua kukanyaga klachi na kutia gia ya kwanza na ya pili, nikajua kuzunguka magoli mawili bila kuyagonga. Siku ya tano nikajiona dereva, nikatoka kiwanjani nikashika barabara iendayo mnadani.

Pale penye vibanda, mtoto alitokea ghafula akifukuza gurudumu lake la kuchezea. Nilitaka kukanyaga breki, lakini mguu wangu ulishuka juu ya mafuta. Motokaa ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Utingo alivuta breki ya mkono na kuupinda usukani, tukapanda juu ya kichuguu, na mtambo ukazimika. Nilipotazama, mtoto alikuwa amesimama mbali nasi kadiri ya mkono mmoja. Alicheka, akidhani ni mchezo, akaokota gurudumu lake akaenda zake. Mimi nilibaki pale nikilia, mtu mzima, mbele ya wauza nyanya.

Mtoto yule yupo hapa leo. Sitamtaja jina.

Siku hiyo nilifahamu kwamba kuiondoa motokaa mahali ilipo si kuendesha. Kuondoa motokaa ni kazi ya siku nne. Kuendesha ni kujua mguu utafanya nini wakati akili haikupata nafasi ya kuuambia. Yafikirini mahesabu haya, maana mimi ni karani na mahesabu ndiyo kazi yangu. Motokaa iendayo mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi katika kila sekunde moja. Ikienda kilomita 80, hupita mita 22. Na mtu mwenye macho mazuri, aliye macho kweli kweli, huhitaji kama sekunde moja au zaidi kuona hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Yaani kabla breki haijaanza kazi yake, motokaa imekwisha kupita urefu wa nyumba nzima. Tena jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ukiuzidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki kushika hauzidi mara mbili, bali huzidi mara nne.

Baada ya hayo nilikwenda mjini kwenye chuo cha udereva, nikaandikishwa kama watu wengine. Nataka vijana wasikie utaratibu wake, kwa sababu wengi hudhani ni mgumu kuliko ulivyo. Katika nchi yetu jambo hili hutawaliwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Atakaye kuendesha motokaa sharti awe ametimiza miaka 18. Kwanza hupata leseni ya kujifunzia, nayo humruhusu kuwa barabarani pamoja na mwalimu wake tu, na motokaa hubandikwa herufi L nyekundu ili watu wajue kwamba huyu bado ni mwanafunzi na wamwepuke. Akimaliza mafunzo hutahiniwa na polisi wa usalama barabarani, na akishinda hupewa cheti cha kuthibitisha kwamba anaweza. Hapo ndipo huenda Mamlaka ya Mapato kulipa ada na kupewa leseni yenyewe. Tena leseni zina madaraja yake: aliyeruhusiwa pikipiki hakuruhusiwa basi la abiria, na aliyeruhusiwa motokaa ya nyumbani hakuruhusiwa lori. Kila chombo kina adabu yake.

Mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja, mdogo kwangu kwa miaka. Juma la kwanza hakuniruhusu hata kuwasha mtambo. Alinizungusha motokaa kwa miguu, nikatazama magurudumu yote manne, na maji, na mafuta ya mtambo, na taa, na breki, akisema kwamba dereva asiyeizunguka motokaa yake asubuhi ni sawa na mchungaji asiyehesabu ng'ombe. Kisha akanifundisha alama za barabarani. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya: mbele pana jambo. Alama ya duara yenye ukingo mwekundu hukataza. Alama nyekundu ya pembe nane huamuru usimame kabisa, si kupunguza mwendo tu. Akanifundisha kushika upande wa kushoto, na kulipita gari jingine kwa kulia baada ya kuona kwamba mbele ni kweupe na nyuma hakuna anipitaye. Na kwenye mistari myeupe ya kivuko, mwenye miguu ndiye bwana, hata awe mtoto mwenye gurudumu la kuchezea.

Hayo yote niliyashika upesi, kwa kuwa kusoma ni desturi yangu, nikaanza kujivuna. Tulipofika kwenye kazi ya kuiondoa motokaa mlimani isirudi nyuma, ilinirudi mara saba. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Bwana Karani, kitabu umekijua, lakini mguu wako bado haujasoma." Neno hilo liliniuma, na ndilo lililonifaa kuliko yote.

Siku ya mtihani ikafika. Maswali ya alama niliyajibu yote. Barabarani nikaenda vizuri, nikageuka vizuri, nikasimama panapotakiwa. Mwisho mkaguzi akaniambia nirudi kinyumenyume niingie kati ya vigingi viwili. Nikarudi, nikaingia katikati barabara, wala sikugusa kigingi. Nikatabasamu. Mkaguzi akauliza, "Kabla ya kurudi, ulitazama nini nyuma?" Sikuwa na jibu, kwa maana nilitazama vigingi tu, sikutazama kama pana mtu. Akasema, "Umeshindwa. Rudi ujifunze."

Ndugu zangu, naona sasa nimefika mahali pa kusema lile ambalo hasa limenileta hapa.

Nilipotoka, nikakaa chini ya mwembe mmoja ulio ng'ambo ya barabara, uso umeniinama. Akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akanipa pole, akaniambia kwamba mambo haya hayana haja ya kusumbua mtu mzima mwenye kazi yake. Akataja fedha. Akasema nikimpa fedha hizo, baada ya siku chache nitapata leseni yangu, wala sitamwona tena mkaguzi. Sikumjua, wala sijui kama angeweza kweli kufanya aliyoyasema.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa fedha, nikazihesabu mpaka zikatimia. Na moyoni nilikuwa na udhuru mzuri sana. Nilijiambia: mimi sitaki leseni kwa anasa, nataka kuwabeba wagonjwa, kila siku ninayopoteza huenda mama mwingine akapiga hodi mlangoni pangu usiku. Hivyo ndivyo uovu unavyomjia mtu mwenye nia njema: huja umevaa nguo za nia yake ile ile.

Lakini nilipokuwa nikinyosha mkono, nilikumbuka swali la mkaguzi: ulitazama nini nyuma? Nikamwona yule mtoto wa mnadani, safari hii amesimama nyuma ya motokaa. Nikajiuliza: cheti hiki nitakachonunua, je, kitautazamia mgongo wangu? Kitaujua mguu wangu mahali pa breki? Nikazirudisha fedha mfukoni. Yule bwana akacheka, akamwendea mwingine.

Nilipokuwa nikingoja mtihani wa pili nilisoma habari za udereva wa zamani, nikaona kwamba shauri la yule bwana si jipya hata kidogo. Iko nchi kubwa iliyokwisha kulijaribu kwa miaka 31. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1903, na kuanzia Januari 1904 kila mwendesha motokaa alitakiwa awe na leseni. Lakini leseni ile haikuwa na mtihani wowote. Mtu alilipa shilingi 5 akapewa. Yaani ilikuwa cheti cha kulipa tu, kama kile nilichokusudia kukinunua chini ya mwembe, ila chao kilikuwa halali. Katika miaka ile motokaa zilikuwa chache. Zilipozidi, mavuno yake yalionekana. Mwaka 1934 peke yake watu 7,343 walikufa katika barabara za nchi ile.

Ndipo serikali yao ilipoleta mtihani. Ulianza kwa hiari mwezi Machi 1935, na tarehe 1 Juni mwaka huo ukawa wa lazima kwa wote walioanza kuendesha tangu tarehe 1 Aprili 1934. Mwanzoni hapakuwa hata na nyumba za kufanyia mtihani. Watahini walikutana na watahiniwa mahali kama vile bustanini au kwenye stesheni ya reli. Waliojaribu mwaka ule wa kwanza, katika kila watu 100 walishinda 63 tu. Fikirini maana yake: kwa sheria ya kale, wale 37 nao wangelipa shilingi zao wakaingia barabarani. Mwaka 1935 waliokufa walipungua wakawa 6,502. Sisemi kwamba ni kazi ya mtihani peke yake, maana mwaka ule ule mwendo wa magari katika miji uliwekewa mpaka wa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, na vivuko vya wenye miguu navyo vilitengenezwa. Lakini tangu hapo Waingereza hawakuirudia tena leseni isiyo na mtihani, ila wakati wa vita mtihani uliposimamishwa kwa muda.

Basi anayenunua leseni leo anairudisha nyumba yake katika mwaka 1934.

Tena kwetu hatari si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 ajali za barabarani ndizo zilizoua zaidi ya ugonjwa wowote. Shirika hilo lasema pia kwamba katika vifo hivyo, 92 kwa kila 100 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa magari ya nchi hizo ni kama sitini tu katika kila mia ya dunia nzima. Magari machache, makaburi mengi. Hesabu hiyo hainiingii akilini kama karani, na kama baba hainiachi nilale.

Sasa neno kwenu, vijana wa pikipiki. Ninawaheshimu. Ni mmoja wenu aliyembeba mke wa jirani yangu usiku ule, wakati mimi mwenye ufunguo nilipokuwa nimesimama bure. Bila ninyi mgonjwa hafiki hospitali, wala mwalimu hafiki shuleni, wala samaki hawafiki sokoni wakiwa wazima. Lakini wengi wenu mlijifunza kama nilivyojifunza mimi kwenye kiwanja cha mpira: jioni nne, na siku ya tano mkapakia abiria. Na wengine hupakia watatu, jambo mnaloliita mishikaki. Jina hilo mlilichagua kwa mzaha, nami naomba mlifikiri bila mzaha: mshikaki ni nyama iliyokwisha kuchinjwa.

Haya ndiyo ninayowaomba. Nendeni chuoni, hata kama ni mmoja mmoja kwa zamu, na chama chetu kimekubali kuwakopesha karo wale ambao wazazi wao ni wanachama. Njooni kwangu niwaandike. Vaeni kofia ngumu na mfunge kamba yake, maana kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya kichwa. Shirika lile lile lasema kwamba kofia ivaliwayo sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Msilewe kisha mkaendesha. Na mkishindwa mtihani, msione haya. Mimi nilishindwa, nami ni karani ninayewaandikia ninyi barua. Kushindwa mbele ya mkaguzi ni fedheha ya siku moja. Kushindwa mbele ya mtoto barabarani ni ya maisha yote.

Nanyi wazazi, msimsukume kijana apate leseni upesi kwa kuwa pikipiki imekwisha kununuliwa na inakaa bure. Iacheni ikae. Chuma hakiozi kwa majuma sita.

Nilirudi kwa mwalimu wangu majuma mawili zaidi. Alinifanya nitazame nyuma hata nilipokuwa nikiketi kwenye kiti kula chakula. Mtihani wa pili nikashinda, na leseni ninayo hapa mfukoni. Ni kadi ndogo, nyepesi, haina uzito wowote. Nami naona leseni ni ushahidi: watu wengine wanaapa kwa niaba yangu, wakimwambia kila mama mwenye mtoto njiani kwamba huyu tumemwona, tumemjaribu, anaweza. Aliyeinunua amewafanya wote hao mashahidi wa uongo.

Mwezi uliopita nilisikia hodi tena usiku. Alikuwa mzee wetu mmoja aliyeumwa na nyoka, na dereva hakuwapo. Nilichukua ufunguo, nikaizunguka motokaa kwa kurunzi, nikatazama nyuma, nikaondoka. Njiani mwanawe alinihimiza, "Kaza mwendo, Karani, kaza mwendo!" Tulipofika pale mnadani penye vibanda nikapunguza, ingawa ilikuwa saa nane za usiku na hapakuwa na mtu. Kijana akakasirika. Sikumjibu. Tulifika hospitali, na mzee akapona, naye yuko pale mbele amekaa anacheka.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Nami nilikuwa nikidhani kwamba methali hiyo ni ya watu wasio na kazi.

Daftari la majina liko mezani kwangu kuanzia kesho saa mbili za asubuhi.